Ushirika Mzima Ulifunga kwa Ajili ya Barua Yangu ya Chuo

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, watu kumi na wanne wa Doha walishinda njaa kwa zamu kwa sababu yangu. Sikuwaomba. Mimi hata chumvi mezani siombi, nakula hivyo hivyo.

Ilianza Ijumaa moja, siku ambayo Wakristo wa huku tunaenda kanisani kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Baada ya ibada, ushirika wetu wa Wakenya na Waganda ulikutana mtaa wa Abu Hamour, sebuleni kwa mwenyekiti wetu. Ilipofika zamu ya kutaja mahitaji, mama yangu, ambaye ni muuguzi, aliinuka akasema binti yake ametuma maombi kwenye chuo kimoja hapa hapa Doha. Ni miaka miwili ya maandalizi, halafu udaktari wenyewe, kama bado watakuwa wanakutaka. Alisema nasubiri jibu. Mimi wakati huo nilikuwa nimejibanza nyuma ya mashine ya maji, nikijifanya nasoma maandishi ya kwenye chupa.

"Basi tutafunga," mwenyekiti akasema. Anasimamia wasafisha vyumba wa hoteli, na akisema jambo, jambo limeshatandikwa. Akachora karatasi ya zamu kama zile za kazini kwake. Kila siku mtu mmoja angefunga asubuhi mpaka jua litue, kesho yake apokelewe na mwingine, bila kukatika, mpaka jibu lifike.

Hakuna aliyeuliza jibu hilo litachukua muda gani. Mimi nilijua. Chuo kilikuwa kimesema wiki sita, pengine kumi. Sentensi ya kuwaambia nilikuwa nayo tayari mdomoni. Badala yake nikaenda msalani, nikakaa huko mpaka wakafunga kikao.

Kufikia wiki ya tano, wengine walikuwa kwenye raundi ya tatu. Masharti nayo yalikuwa yameanza kulegea. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mwislamu wa Mombasa anayeendesha teksi, alinisimamisha kwenye ngazi.

"Mwanangu, si leo ni zamu ya mama yako kufunga? Mbona nimemuona na kikombe saa nne?"

"Chai inaruhusiwa, anko."

"Na andazi?"

"Andazi moja, kwa mwenye vidonda vya tumbo."

"Mama ana vidonda vya tumbo?"

"Hapana."

Alinitazama kwa huruma. "Basi hapo hamjafunga. Mmechelewesha chakula tu."

Aliyefunga kikweli kweli alikuwa anko mmoja Mganda, mlinzi wa geti la ghala huko Al Rayyan. Yeye hata maji alikuwa anayatazama tu. Siku yake ikifika, ananitumia ujumbe mchana: "Daktari, jibu?" Namjibu, "Bado, anko." Anajibu, "Sawa, niko imara." Dakika kumi baadaye ananitumia picha ya shawarma ya mwenzake, bila maneno.

Jibu lilikuja Jumatatu, nimetoka tu shuleni, kiatu kimoja bado mguuni. Lilisema nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Kama bado naitaka nafasi, nibonyeze sehemu fulani ndani ya siku kumi.

Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tatizo langu lilikuwa hili: hilo ni jibu, au si jibu? Kama ni jibu, mama atainuka Ijumaa kuwaambia watu kwamba wiki tano za njaa zimeleta "labda". Kama si jibu, watu waendelee kufunga, pengine mpaka Agosti. Na kulikuwa na jambo la tatu. Huko kubonyeza kwenyewe kulinitaka niseme kama nautaka udaktari. Niligawa ukurasa wa daftari mara mbili, ndiyo na hapana. Upande wa hapana ulijaa haraka: siwezi kumuuliza mtu anaumwa wapi, mtu wa piza akipiga simu naikata, mama anarudi kutoka kazini miguu imevimba, na hapo yeye si daktari. Upande wa ndiyo niliandika "nimezoea kuitwa Daktari," nikakata.

Kwa hiyo nikanyamaza. Jumanne akafunga mwenyekiti. Jumatano akafunga anko wa geti, na siku hiyo lori la mkate likapita mbele yake bila yeye kuandika namba. Msimamizi alimfokea mbele ya madereva. "Nilikuwa navuta harufu tu," alinieleza. "Jibu?"

Nikaandika, "Bado, anko." Nilijisikia mwizi.

Ijumaa nikainuka mwenyewe.

"Jibu lilifika Jumatatu," nikasema.

Mama akageuka polepole. "Jumatatu ipi?"

"Hii."

Anko wa geti alihesabu kwa vidole. "Mimi nilikuwa Jumatano," akasema kwa sauti ya chini, kama shahidi mahakamani.

Niliusoma ujumbe wote. Kisha wakaanza kubishana, na hakuna aliyekumbuka kunigombeza.

"Hotelini, mgeni aliye kwenye orodha ya kusubiri hana chumba," mwenyekiti akasema. "Hilo ni jibu. Khalas, yamekwisha."

"Lakini hajakataliwa," mama akasema.

"Getini kwangu," anko akasema, "mtu wa hivyo namwambia simama pembeni. Hajaingia, lakini sijamfukuza."

"Sasa huyo tunamfungia au hatumfungii?" mwenyekiti akauliza.

"Tufunge nusu," mmoja wa waliokaa nyuma akasema. "Mpaka saa sita."

"Mbona wewe umekuwa ukifunga nusu tangu mwanzo?"

Waliendelea hivyo mpaka mama akaniuliza, kwa sauti ya nyumbani, "Na wewe, mama, unataka nini?"

Wiki tano, na hilo swali lilikuwa halijaulizwa na mtu yeyote, hata mimi sikuwa nimelijibu. Nikawaambia kuhusu siku ambayo mwalimu wa baiolojia alileta moyo wa kondoo kutoka buchani. Darasa zima lilirudi nyuma. Mimi nikaukata, nikapitisha kidole pale damu inapopita, na nilipoinua kichwa nikakuta nimewaeleza wavulana watatu jinsi unavyofanya kazi, kwa sauti kubwa, na wala sikuwa nimeona aibu. Aibu ilikuja baadaye, kwenye basi.

"Kwa hiyo nautaka," nikasema. "Nitabonyeza. Lakini kusubiri niachieni mimi. Nyinyi kuleni."



"Kuanzia lini?" anko wa geti akauliza.

"Sasa hivi, anko."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika jikoni. Mama akanipa simu yake bila kunitazama, alikuwa bado amenikasirikia kwa zile siku nne, lakini alinishika bega. Nikabonyeza ndiyo mbele ya ushirika mzima. Hakuna aliyesema amina. Vinywa vyote vilikuwa na chapati.