Apareye Yenye Dirisha

Baba yangu aliicheka picha ya marehemu jirani yetu, tena palepale, mbele ya jeneza. Nilimfinya mkono, hakujali. Kwetu Kamembe maiti haitoki nyumbani bila picha yake kutangulia: mtu mmoja wa familia anabeba picha kubwa ndani ya fremu, jeneza linafuata, halafu ndiyo sisi wengine. Jirani yule hakuacha picha ya maana hata moja. Watoto wake walichukua ya arusi ya watu, wakawakata waliosimama naye, wakaikuza. Ila mkono ulibaki. Mkono wa mtu asiyejulikana, wenye saa, ulikuwa umemkalia marehemu begani.

"Mukono ya nani ile?" baba akauliza kwa sauti. "Anaenda mbinguni na mukono ya muntu?"

Watu wakacheka chinichini, hata wafiwa wenyewe. Baba alikuwa hivyo, mdomo wake haukuwa na mlango. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani akasimama njiani, akashika tumbo lake ambalo wakati ule lilikuwa limeanza kujaa maji.

"Maman," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kama watu wa Bukavu wanavyowaita binti zao. "Miye sitabebwa vile. Unasikia? Utanipiga foto. Ya apareye. Si ya telefone."

"Acha maneno ya kufa, Papa."

"Nani anasema kufa? Nasema foto."

Alikuwa fotografe, mpiga picha. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, wazazi wake Wanyarwanda, akafungua studio Bukavu, na nusu ya mtaa walioa, walibatizwa na walizikwa mbele ya apareye, yaani kamera yake. Tuliporudi Rwanda studio ilibaki kule, na hapa tulipofika simu zilikuwa zimeshaingia mifukoni mwa watu. Hakupata mteja. Apareye zake zikaisha moja moja kwa kuuzwa. Alizichukia simu kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Alisema simu inavimbisha pua na kumfanya mtu mzima afanane na ndizi. Katika simu zetu zote baba yuko nusu tu: mgongo, kofia, kiganja kilichoinuliwa kuziba uso. Picha ya kitambulisho ni ndogo kama ukucha, na tulipojaribu kuikuza ilikuwa ukungu mtupu.

Jioni, alipokuwa na raha, alitusimulia siri za kazi. Filimu ikiungua, alisema, usimwambie mteja hata siku moja. Mteja ataomboleza. Mwambie karatasi imeisha, arudi kesho. Kesho mwambie tena karatasi imeisha. Akichoka atakuja mwenyewe kukaa upya kwenye kiti, na atakuwa amesahau hasira. "Bukavu yote," alicheka mpaka machozi, "batu balikuwa banafikiri karatasi ni shida ya serikali!"

Daktari alisema ni ini, na akalisema kwa namna ya kutuaga. Mashavu ya baba yalikuwa yanaingia ndani, kila wiki kidogo. Mimi ni mshona nguo, macho yangu yamezoea kupima watu, na nilikuwa naona uso wake unapungua kama kitambaa kinachosinyaa baada ya kufuliwa. Sikuomba apone, maana sina uongo wa namna hiyo mbele ya Mungu. Niliomba kitu kimoja tu, uso ule uingie kwenye karatasi kabla haujaondoka.

Tukaenda kwa mama mmoja wa Bukavu anayevuka mpaka na vitu vya bulaya vilivyotumika: pasi, redio, viatu, saa za ukutani. Kibanda chake kiko mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ziwa na vilima vya upande wa pili. Alikuwa na apareye ndogo mbili, za kuingia mfukoni. Moja nyeusi, ya juzijuzi, nyuma yake kioo kitupu kikubwa cha kuonea picha. Ya pili rangi ya fedha, nzito kidogo, inakula mawe ya redio, yaani betri, kioo chake kidogo kama stempu. Lakini juu ya kile kioo ilikuwa na dirisha, katundu ka kuweka jicho.

"Papa, hii nyeusi njo ya sasa," yule mama akasema, njo kwa maana ya ndiyo. "Inavuta mpaka ng'ambo. Ona."

Akaielekeza mlangoni, akabonyeza, na Bukavu ikaja mpaka kiganjani mwake: mabati, ukuta wa kanisa, mwanamke anaanika nguo. Baba aliangalia kidogo, akageuza uso.

"Kule nakujua," akasema. "Siombi kuvutiwa."

Akachukua ile ya fedha. Akaiweka kwenye jicho la kulia, akafumba la kushoto, na mgongo wake ukanyooka. Nilikuwa sijauona umenyooka tangu mwaka uliopita. Akapiga kalenda iliyokuwa ukutani, akapiga pasi, akamwambia yule mama aangalie kama zimetoka. Zilitoka vizuri, na mimi niliziona kwa macho yangu.

"Njo hii," akasema.

"Papa, chukua nyeusi," nikamwambia. "Ile ya fedha ni ya zamani. Hii unaona picha palepale, tena kubwa, ikiharibika unarudia."

"Njo ubaya yake. Apareye bila dirisha si apareye. Muntu anainyoosha mbali na uso, sawa mwenye anabeba sahani ya supu. Unapiga foto ama unagawa chakula?"

"Dunia imebadilika, Papa!"

"Ibadilike. Uso yangu njo ileile."

Tulibishana pale mpaka wapita njia wakasimama. Mimi nina hasira za haraka, yeye ana ubishi, na yule mama katikati anacheka na kupiga makofi: "Mchagua jembe si mkulima, Papa! Moja tu, nifunge kibanda!" Baba akainuka kwa pupa aitazame lenzi kwenye mwanga wa mlangoni, na hapo kizunguzungu kikamshika. Nilimuwahi, nikamshika bega. Alikuwa mwepesi mno. Yule mama hakuona hatari, aliona mzee amesimama mlangoni amependeza. Akainua ile nyeusi.

"Fotografe! Angalia huku!"

Baba akageuka. Kusikia tu anaitwa kwa kazi yake, uso wake ulifunguka wote, meno nje, macho yakawaka. Mlio ukasikika.

"Futa ile," baba akanguruma. "Sikukaa tayari."

"Ndiyo, ndiyo, Papa, nafuta."

Tukarudi na ile ya fedha. Ningemnyima vipi? Mtu anachagua dirisha la mwisho la maisha yake, wewe umwambie hapana?

Asubuhi ya siku tuliyopanga, nilitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nje, upande usiopigwa na jua. Baba alivaa koti lake la arusi, ambalo sasa lilikuwa linamwogelea, nikalikusanya mgongoni kwa pini za kushonea mpaka kifua kikakaa. Halafu akaomba sparadra, plasta. Nikafikiri ana kidonda. Akaikata vipande, akaziba kabisa kile kioo kidogo cha nyuma ya apareye.

"Papa, sasa nini tena?"

"Foto haichunguliwi kabla isafishwe. Inatoka kwenye apareye, inaenda kwenye karatasi, halafu njo macho inaona."

Hiyo ilikuwa sheria ya studio yake, na ilikuwa na sababu. Zamani wateja walioomba kuonyeshwa filimu waliona uso mweupe, meno meusi, mboni nyeupe, wakatoka wanapiga kelele kwamba amewapiga picha ya mzimu. Mwingine aliugua. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Nikamweleza kwamba siku hizi hakuna filimu, hakuna mzimu. Akakaa kwenye kiti, akakunja mikono, akasema kama sitaki niite mwingine. Mzee wangu, akishasema hivyo, hata padri hamtoi.

"Piga tatu," akaniagiza. "Moja ya mteja, moja ya fotografe, moja ya Mungu."

Nikaweka jicho dirishani. Ye baba we! Alikuwa pale. Mwanga ulimlalia upande mmoja wa uso, mashavu yakajaa kivuli kizuri badala ya njaa, shingo imesimama. Alikuwa baba yangu wa Bukavu, yule niliyekuwa nampelekea chai studio nikiwa mtoto. Machozi yalinijia nikiwa nimefumba jicho moja. "Usitetemeke," alinikemea bila kusogeza midomo. Nikapiga. Nikapiga. Nikapiga ya Mungu.

"Tosha," akasema, akashusha mabega yote mawili.

Haukupita muda akazidiwa. Tulimkimbiza hospitali, na pale uso ulifanya tulichokuwa tunakiogopa. Macho yaligeuka manjano kama mafuta ya mawese, kope zikavimba, midomo ikapasuka. Dada zake waliokuja kumsalimu walimpita, wakaenda kitanda cha pili. Mimi sikushtuka sana. Nilijiambia uso wa kweli ninao mfukoni.

Nikaenda kwa mwanamke anayechapisha picha mjini. Akaingiza kadi kwenye mashine yake, nikasogeza shingo. Mistari. Mistari ya zambarau kutoka juu mpaka chini, kama kitenge kilichochuja, na nyuma yake kitu kimekaa kwenye kiti ambacho hata mimi sikukijua. Ya pili vilevile. Ya Mungu ilikuwa nyeusi kabisa.

"Imeoza ndani," akasema. "Unyevu. Hizi za zamani ziko vile, leo inapiga, kesho inakataa."

"Lakini nilimwona! Dirishani nilimwona vizuri!"

"Dirisha ni tundu tu, Maman. Unaona kwa jicho yako. Haikuonyeshi kitu kenye lenzi inaona."

Nilirudi njia nzima nikimtukana. Ndiyo, nilimtukana mgonjwa, baba yangu mzazi. Kipande cha sparadra! Ningekibandua tu, ningeona mistari, ningekimbia kuleta ile nyeusi, naye bado amekaa kwenye kiti na koti lake. Kinachofukiwa na watu ni mwili, lakini uso wake ulizikwa na ubishi wake mwenyewe, akiwa bado anapumua. Nilitamani kukaa chini barabarani nisiinuke.

Alikuwa macho nilipoingia.

"Zimetoka?"

"Zimetoka, Papa."

"Mukono ya muntu haiko?"

"Haiko. Uko peke yako. Umependeza sana."

"Leta nione."

Sikuwa nimejiandaa. Mdomo ulitafuta kitu, chochote, ukaokota kilichokuwa karibu.

"Bado hajazitoa zote, Papa. Karatasi imeisha. Kesho."

Nililisikia neno lake mwenyewe likiwa limeshatoka. Baba aliniangalia kwa yale macho ya manjano, muda mrefu, kama alivyokuwa akiangalia filimu kwenye taa kutafuta doa. Halafu akapapasa mkono wangu juu ya blanketi, akaupigapiga, jinsi ambavyo bila shaka aliwapigapiga wateja wake.

"Aa," akasema. "Karatasi."

Akageukia ukuta. Hakuiulizia tena ile picha, wala kesho yake, wala hata alipokuwa anatuaga mmoja mmoja. Nilitaka anigombeze. Nilikaa pembeni ya kile kitanda nikisubiri neno moja la ukali, hakunipa.

Alipokata roho nilimwachia mdogo wangu mambo ya sanduku, nikakimbia kwa yule mama wa Bukavu. Sikumsalimu hata.

"Ile nyeusi! Uliiuza?"

"Bado iko. Pole, Maman, nimesikia..."

"Ile picha uliyompiga mlangoni. Ulifuta?"

Akatazama chini. "Nilidanganya tu ili asikasirike. Alikuwa muzuri sana, miye nilishindwa."

Nilimkumbatia, nikalia kwenye bega lake katikati ya pasi na viatu.

Ilikuwa picha ya ajabu. Hakuna aliyewahi kumpata hivyo, na yeye mwenyewe angeikataa: anacheka, ameitwa kwa kazi yake, nyuma yake ziwa na vilima vya kwao alikozaliwa. Uso wote, kila kitu kipo. Na begani kwake, mkono. Mimi nilikuwa nje ya picha, nimekatwa kwenye kiwiko, lakini kuanzia hapo mkono wangu uko pale na pete yangu ya ndoa na pini iliyochomekwa kwenye mkono wa blauzi.

Mwanamke wa kuchapisha alisema mashine inaweza kuufuta. Akaufuta. Tukatazama. Baba alikuwa ameegemea hewa. Bila ule mkono mtu yeyote aliona kwamba mzee huyu anaanguka, na kicheko chake kikageuka kuwa cha mtu asiyejua kwamba anaanguka.

"Rudisha," nikasema.

Tulimpeleka Gitambi, kwenye shamba la babu zake. Picha niliibeba mimi mwenyewe, kwa sababu sikuona nani mwingine nimpe aibu ile. Njia ya kuingia shambani ni nyembamba, watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na miongoni mwao wateja wake wa zamani waliovuka mpaka kuja kumzika. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akainama kuikagua fremu nilipokuwa napita.

"Heh! Fotografe mwenyewe!" akasema kwa sauti. "Na mukono ya nani ile?"

Watu wakacheka chinichini, hata wafiwa wenyewe. Fremu ilihitaji mikono miwili, sikuwa na jinsi ya kuuficha wangu, wenye pete ileile.