Breki Mpya za Kumfuata Mwanaidi

Nilitoka mjini kwa sababu ya breki. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa kwao Kizimbani tangu baada ya Idi, na kila nikimwita alinijibu hilo hilo: hatauteremka tena ule mlima nyuma ya baiskeli isiyosimama. Nikaamini. Mfa maji haachi kutapatapa.

Asubuhi, Darajani, fundi alinionyesha breki zake. Za waya, kama zangu, ni nyepesi mkononi, lakini waya hulegea. Za vyuma hushika vizuri wakati wa jua. Rimu ikirowa, mpira huteleza. Ya kukanyaga pedali kinyumenyume imo ndani ya gurudumu, mvua haiifikii.

"Hii haikosi," alisema, "ila yataka uzito. Keria ikiwa tupu, gurudumu hukwama likabururika."

"Uzito wangu ndo naufuata," nikamwambia, naye akacheka, akanifungia hiyo ya ndani.

Mtoni mvua ikanikuta. Niliijaribu breki kila hatua, hata pasipo mtu wa kumpisha. Bububu nikakata kulia, nikashuka, nikaisukuma baiskeli mlimani. Zamani mimi na Mwanaidi tuliupanda mlima ule tukizungumza, sikuuona mrefu. Siku ile niliuona.

Adhuhuri nikafika Kizimbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa ule."

Mama mkwe aliniandalia muhogo wa nazi, kisha akatupisha. Mwanaidi akaizunguka baiskeli.

"Nshatia breki ya ndani," nikamwambia. "Hata mvua haiiwezi."

"Naona. Nzuri." Akaigusa keria. "Bwana, mimi sikuogopa mlima. Nliona haya kukwambia mji umenshinda. Wewe kazini, mimi chumbani kutwa, sina wa kusema naye. Sirudi."

Kwa hilo sikuwa na fundi. Niliumia, na sikuweza kumlaumu, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

Alasiri nikateremka. Nilipokanyaga breki, gurudumu la nyuma likabururika kama alivyosema fundi, nikaishia majanini. Nikaokota jiwe kubwa, nikalifunga kwenye keria, pale alipokuwa akikaa Mwanaidi.

Basi anayetaka breki njema na achukue ya ndani, asisahau uzito. Baiskeli ilisimama kila nilipotaka, mpaka mjini. Mlangoni ulimi ukanitangulia, nikasema kama nilivyozoea, "Shuka taratibu." Kisha nikalifungua jiwe.