Kioo cha Sefu Bado Hakijaoshwa

Saa kumi na moja alfajiri redio ya jirani inaanza kuongea yenyewe, na Zaituni Hamissi anajua umeme umerudi. Hapigi mswaki wala hawashi jiko. Anajifunga kitenge, anavuka ua hadi chumba cha mbele, na kabla hajagusa swichi yoyote anatumbukiza mkono kwenye ndoo.

Ndani ya ndoo kuna pampu ndogo inayosukuma maji kwenda kwenye mashine yake ya leza, ile anayoandikia juu ya vioo. Anashika mpira wa maji na kusikilizia kwa kidole. Maji yakipita, ndipo anapowasha.

"Maji kwanza, moto nyuma," anasema. "Tyubu ya leza yenyewe ni kioo. Ikikosa maji kidogo tu inapasuka, na hapo mi nimekwisha."

Hapa ni Shatanya, mjini Gitega. Zaituni ana miaka arobaini na saba, na majirani wanamwita Mama Riziki kwa jina la binti yake anayesoma bweni. Watu wa Bugendana na Nyarusange wanaotembea asubuhi nzima kumfuata, wao humwita fundi tu. Anawaandikia glasi za harusi, vibao vya milangoni, vikombe vya mashindano ya mpira. Hata glasi za bia anaandika, ingawa tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wake.

"Kioo haijui iko na nini ndani," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Lakini kazi inayomlisha siku hizi ni ya wafu. Familia zinapomaliza matanga hutaka kioo cha ukumbusho, chenye jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Wakristo huongeza sura. Kwa Waislamu wenzake yeye huandika jina na aya, basi. Harusi zimepungua pamoja na mafuta ya gari na sukari. Vifo havijasikia habari hiyo.

Leo mezani kuna kioo cha Donatienne, mke wa Augustin Zihalirwa. Augustin ni Mkongomani wa Kivu Kusini aliyekuja Burundi akikimbia vita, na sasa anauza vitenge sokoni. Amekuja mapema kuliko alivyoambiwa, amevaa koti, amekaa kwenye benchi huku ameshika kofia kwa mikono miwili.

Zaituni analowesha ukurasa wa gazeti kuukuu katika maji ya sabuni, anaubandika juu ya kioo, anaupapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hadi pasibaki hewa. Mwale wa leza haukwaruzi. Unapasua uso wa kioo nyufa ndogo zisizohesabika, na nyufa hizo ndizo tunazoziona nyeupe kama maandishi. Gazeti bichi ndilo linalotuliza joto. Bila hilo, kipande kizima hubanduka.

Alimwambia mwandishi wa makala haya bila kuona haya kwamba gazeti zuri ni lililolowa. Hatukubishana.

Mashine inanguruma na harufu ya karatasi bichi inayoungua inajaa chumbani. Juu ya kioo haonekani Donatienne. Kuna michirizi ya kahawia na majivu, imechanganyika na habari za Kifaransa za miaka iliyopita. Huwezi kusoma jina, huwezi kutambua pua wala jicho. Kioo kisipooshwa, hata fundi mwenyewe hajui kimetokaje.

Mashine inaponyamaza, Zaituni anabeba kioo hadi kwenye beseni. Anakilaza, anamimina maji polepole, anasugua kwa kidole gumba. Gazeti linameguka. Linatokea paji la uso, halafu kilemba, halafu mdomo.

"Njo yeye," ndiye huyu, anasema Augustin kwa Kiswahili cha kwao. "Njo yeye kabisa. Angalia, mama, iko nacheka."

Zaituni anamkaushia kioo kwa taulo safi, anamfungia katika kipande cha sponji, anampa mkono wa pole. Augustin anapoinuka kuondoka, macho yake yanaangukia pembeni mwa ukuta, ambako kioo kingine kimeegemezwa, kimefunikwa na gazeti lililokauka mpaka likajikunja kwenye kingo.

"Na ile, fundi? Kila mara nakuja naiona. Mwenyewe hajakuja kuichukua?"

"Mwenyewe iko njiani," anajibu Zaituni, na kumfungulia mlango.

Mlango unapofungwa, Zaituni anakaa chini. Kioo kile ni cha mume wake, Sefu.

Ili kuelewa kwa nini hakijaoshwa inabidi kurudi nyuma. Baba yake Zaituni, mzee Hamissi, alikuwa mkata vioo vya madirisha hapa hapa Gitega tangu miaka ya kwanza ya uhuru, mtu wa rula na kikatio chenye ncha ya almasi. Vita vilipoanza mwaka 1993 vioo vya mji vilivunjika kuliko wakati wowote, na mzee akawa hana kazi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuweka dirisha jipya ili livunjwe tena.

"Baba alikuwa anasema vita ingemtajirisha kama watu wangekuwa na hamu ya kuona nje," anakumbuka.

Sefu alikuwa mwana wa Muyinga, fundi wa redio, mtu wa mizaha. Yeye ndiye aliyesikia habari za mashine ya leza iliyokuwa ikiuzwa Bujumbura, imetumika, mwaka 2013. Waliuza pikipiki na kiwanja kuinunua. Yeye alishika kompyuta na nyaya, mkewe akashika kioo, kwa kuwa mkono wa kioo alikuwa ameurithi. Kwa miaka kadhaa walifanya vipande kama thelathini kwa wiki. Siku hizi wiki ikileta vinne ni wiki njema.

Mwaka 2019 tyubu ilianza kuchoka. Tyubu ya leza haifi ghafla kama balbu. Inafifia, na maandishi yanatoka hafifu, mpaka wateja wanaanza kuuliza kama fundi amewapunja. Sefu akasema atafuata mpya Tanzania. Zaituni ndiye aliyemkatia sponji ya kuifungia, kwa mkono wake, kwa kipimo cha tyubu yenyewe.

Njiani, Sefu alilala kwa mama yake Muyinga. Asubuhi alipiga simu. Mkewe anayajua maneno yale kwa moyo: "Mama amenishindilia maharage, sijui kama nitapumua. Naenda Buhinyuza, kuna mtu atanivusha mto. Nikipata tyubu nakupigia."

Hakupiga tena.

Wakulima wa upande ule waliokota begi lake karibu na mto Ruvubu. Ndani mlikuwa na shati moja na ile sponji. Hapo ndipo wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja walipoachana njia, wakiangalia begi lile lile. Mama yake Sefu, Bi Mwajuma, alisema mwanawe amekufa, kwa kuwa mtu mzima hatupi begi lake. Zaituni alishika sponji, akasema iko kavu.

"Kama angeanguka majini ingekuwa imelowa," anasema mpaka leo. "Imelowa ningejua. Lakini ilikuwa kavu, vraiment kavu."

Watu, na midomo haina pazia, walisema Sefu amepata jiko jipya ng'ambo, Ngara, Tanzania. Mwanzoni maneno hayo yalimchoma. Sasa ndiyo anayoyaombea.

"Usiku naomba Mungu, Sefu awe na mwanamke," anasema akitazama mikono yake. "Naomba amzalie hata watoto watatu. Mke gani anaomba hivyo? Niambie we, uliyesoma."

Mwandishi aliliandika swali hilo kama lilivyoulizwa.

Miaka ikapita. Tyubu nyingine ilipatikana kwa mfanyabiashara wa Bujumbura, kazi ikaendelea. Asiyekuwapo na lake halipo. Jina la Sefu likaanza kurukwa katika mazungumzo ya mtaani. Zaituni hakukaa eda. Hakuruhusu hitima isomwe. Wengine walimwita mkaidi, wengine walimwonea huruma, na ya pili ilimuuma zaidi.

Mwaka huu, baada ya Idi, Bi Mwajuma alishuka kwenye basi la Muyinga, mwenyewe, na magoti yake yasiyokunjika. Alikataa chai. Alikaa kwenye benchi lile lile la wateja.

"Mwanangu," alisema, kama Zaituni anavyosimulia, "mi nimezeeka. Nataka kumsomea mtoto wangu hitima, na nataka jina lake ikae ukutani kwangu. Nimekuja kwako kama mteja."

"Mama, hiyo siwezi."

"We unaandikia watu wote. Umeandikia mpaka watu wa Nyarusange ambao hata hukujua sura yao."

"Hao walikufa, mama."

Hapo mama mkwe akasema neno ambalo Zaituni analirudia polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Oya, hapana, sikulazimishi. Nitapanda gari niende Bujumbura. Kuko mafundi wengine kule. Mtu asiyemjua ataandika jina yake."

Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Zaituni alikubali kujikata. Kuliko mkono wa mgeni, afadhali wake.

Kesho yake umeme ulirudi alfajiri. Alikaa mbele ya kompyuta, akaandika jina, akaandika mwaka wa kuzaliwa, akaweka kistari. Hapo alikwama. Kwa wateja wengine mwaka wa pili huja nao, umo midomoni mwao. Huu nani angempa? Akamwita mama mkwe kutoka uani, akamuuliza aweke mwaka gani.

"Andika mwaka alipotoka kwangu," alijibu Bi Mwajuma. "Mi huo tu njo naujua."

Akaandika 2019. Akalowesha gazeti, akalibandika, akashika mpira wa maji, akawasha. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine husahau ilipofikia, na kioo huharibika. Wateja wengi wamewahi kumkuta akilia kwa sababu hiyo. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba ukatike.

"Kila siku inakatika. Kila siku! Siku hiyo courant ikakaa mpaka saa sita," anasema, na anacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe.

Mashine ilimaliza. Alikibeba kioo hadi kwenye beseni, akashika jagi, na mkono ukagoma. Bi Mwajuma alikuwa amelala, amechoka kwa safari. Zaituni akakiegemeza ukutani na gazeti lake. Mama alipoamka aliambiwa kioo kitapelekwa kikikauka. Ulikuwa uongo, kioo hakingoji kukauka, kinangoja kuoshwa. Mama aliondoka na basi la mchana, na tangu hapo simu kutoka Muyinga huuliza neno moja, na jibu la Gitega ni neno moja: bado.

Kwa nini? Anayeuliza hivyo hajawahi kukosa maiti ya kuosha. Mwislamu akifa kuna kazi ya kufanya. Anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa, anazikwa, na mikono ya walio hai hupata pa kukimbilia. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe. Zaituni hakupata mwili, wala kaburi la kusimama pembeni yake. Alichonacho ni kioo na beseni.

"Nikiiosha, itakuwa nimemwosha yeye," anasema. "Sasa hivi chini ya gazeti hakuna mtu anajua kuko nini. Hata mi sijaona. Labda haikutoka vizuri. Labda mwaka haikushika."

Anajua mwaka ulishika. Fundi kama yeye husikia kwa sikio mwale unapouma kioo.

Hitima imepangwa Jumapili hii, Muyinga. Shehe ameshaambiwa, mchele umeshanunuliwa. Zaituni amekata nafasi kwenye basi la Jumamosi. Mezani ametandika sponji ya kukifungia kioo. Ni ile ile ya begi; Bi Mwajuma, aliyelitunza begi miaka yote, alimwachia siku ile alipokuja.

Je, hakutamani kioo kivunjike njiani? Anakubali kwa kichwa, mara moja. Ametamani. Halafu akaogopa kwamba mama atapanda basi la Bujumbura.

Mwandishi anamuuliza ana mpango gani baada ya hapo. Anasema atafunga mashine na kukaa eda aliyoikataa miaka yote hii. Atamwaga maji ya ndoo ili yasioze. Kama tyubu itakuwa hai akimaliza, ataendelea na kazi. Kama imekufa, hajui. Tumaini analo moja tu, nalo ni dogo: asiwe yeye atakayekifunua.

"Nitaipeleka na gazeti lake," anasema, akikifunga kioo taratibu, kona kwa kona. "Sitaosha. Nitaomba beseni, nitamkalisha mama kwenye kiti, nitamwekea kioo kwenye mapaja. Yeye njo alimwogesha wa kwanza, siku alizaliwa. Amuoshe na sasa."

Redio ya jirani inanyamaza ghafla. Umeme umekwenda. Zaituni ananyoosha mkono na kuchomoa pampu.

"Mi nitamimina maji tu," anasema.