Kosa la Nne la Trevon Pettway

"Umemuua huyu mtoto, Vernon! Afadhali ungechukua bunduki ukammaliza palepale mbele ya watu. Tungelia, tungezika, yangekwisha!"

Huyo ni Lurleen Maddox, jirani yangu, amemkamata Vernon Stoltz mkono wa shati nje ya geti la uwanja. Ilikuwa Jumapili mchana, mechi ya besiboli imekwisha hata dakika kumi hazijapita. Vernon amefundisha hesabu nusu ya mji wetu wa Coker Springs, mimi nikiwemo, na siku za mechi hukaa kule juu kwenye kibanda cha vioo akiamua mambo. Mpira ukimpita mchezaji, yeye ndiye anayesema kama ni sifa ya aliyeupiga au ni kosa la aliyeshindwa kuudaka. Akishaandika, karatasi inakwenda kwa wakubwa wa timu, watu ambao Tennessee yetu hii hawajaikanyaga hata kwa bahati mbaya.

"Niachie shati, Lurleen. Nimeandika nilichokiona."

"Umeona nini na miwani hiyo? Juzi si ulinisalimia mimi ukidhani ni mchungaji?"

Mtoto aliyeuawa alikuwa amesimama hapohapo, mzima, futi sita na ushee, kafungwa barafu begani. Trevon Pettway.

Huyu kijana ametoka Arkansas, akasoma chuo kidogo ambacho hata watu wa Arkansas wanakisahau. Miaka minne alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira inakuja kama imetukaniwa mama yake. Siku timu kubwa zinachagua vijana, walikaa sebuleni kwao, mama, mashangazi, mchungaji, kambare wanakaangwa, simu mezani. Siku mbili. Simu ililia mara moja tu, na alikuwa mtu wa bima. Yakasomwa majina zaidi ya mia sita. Likasomwa hata la mrushaji mmoja ambaye akiutupa mpira, hata mwenyewe hajui unaelekea wapi. La Trevon halikusomwa. Wiki moja baadaye akapigiwa na timu ya hapa kwetu: kuna mchezaji wao kavunjika kifundo cha mguu, je, anaweza kufika Jumanne? Akafika Jumatatu.

Lurleen akampa chumba cha chini. Kwetu ndivyo ilivyo, wachezaji wa ligi ndogo wanalala majumbani mwa watu, maana timu inawalipa kana kwamba imewafanyia hisani.

Mimi ndiye mtunza uwanja. Asubuhi yake ya kwanza nilimkuta kapiga magoti kwenye udongo, anaokota vijiwe kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele.

"Mjomba Boyd," akaniambia, "hapa pana ngazi."

Aliijua kwa kiganja, siku ya kwanza! Ukisawazisha udongo kila siku, vumbi linarukia pale nyasi zinapoanzia, linakaa. Baada ya miaka kumi na moja unalo tuta, urefu wa kidole. Mpira unaotambaa ukiligonga, unapanda usoni. Dawa yake ni kung'oa nyasi za ukingoni, kuchimba, kupanda upya, kazi ya wiki moja timu ikiwa safarini. Nimewaandikia watu wa ofisini barua tatu. Ya tatu walijibu. Walisema msimu huu wameamua kununua vazi jipya la yule nguruwe wetu wa kuchekesha watoto, ambaye sasa macho yake yanawaka. Basi nguruwe anakata mauno juu ya paa la benchi na macho ya taa, na vijana wa watu chini wanadaka mipira kwa meno.

Trevon akapata makosa matatu, yote palepale. Kocha akamwita. Kuna kijana mwingine anasubiri, wa kuchaguliwa siku ile yenyewe, jina lilisomwa. Kosa moja zaidi, funga begi urudi kwenu. Na leo, kipindi cha saba, mpira ukaja unatambaa vizuri, mtoto kainama vizuri, glavu iko chini kama inavyotakiwa, paa! Mfupa wa bega. Vernon akaandika kosa.

"Mwalimu," nikamwambia Vernon, "ni tuta lile. Mimi mwenye uwanja ndiye nakwambia uwanja wangu mbovu. Unataka nini tena?"

"Boyd, wewe tangu darasani kazi yako kuwatetea wenzako. Kamera haionyeshi, mrushaji kaiziba. Nina mpaka kesho asubuhi kubadilisha. Anayejua mpira uligonga nini ni huyu hapa. Aseme yeye."

Rahisi, siyo? Sasa ngoja. Hawa wanaosimama kwenye udongo hawalaumu udongo. Kocha wao kule chuoni akimsikia mtu anasingizia ardhi, anampa reki asawazishe uwanja mzima peke yake wenzake wakimtazama, na mwaka mzima anaitwa Bwana Kijiwe. Nimeona vijana ambao wangekiri kuiba sadaka kanisani kabla ya kusema mpira uliruka vibaya. Haya, ni heshima. Lakini heshima hii inamfaa nani? Inawafaa walionunua nguruwe! Wao wanakaa kimya kwa sababu hawajali, mtoto anakaa kimya kwa sababu amefunzwa vizuri, na karatasi inasema mwenye kosa ni mtoto.

Vernon akashusha sauti. "Mwanangu, mpira uligonga tuta, au haukugonga?"

"Ulikuja kwangu, mwalimu."

"Sijauliza ulikuja kwa nani. Nauliza uligonga nini."

"Sema, Trevon!" Lurleen sasa kamwachia Vernon, kamgeukia yeye. "Nimekulisha mkate wa mahindi tangu Julai, mdomo huo najua unafunguka! Neno moja tu!"

"Sema, bwana," na mimi nikadakia. "Mimi sitanuna. Ofisi ikinifukuza, nitalala."

Vernon alikuwa keshatoa kalamu. Trevon akaniangalia, akamwangalia Vernon, akaiangalia ile kalamu. Akalihamishia begi kwenye bega zima.

"Mama Lurleen, leo usinisubiri na gari. Nitatembea."

Akashika njia ya daraja, mdogo mdogo, barafu inachuruzika mgongoni.

"Wewe Trevon! Ndiyo au hapana?"

Hata shingo hakugeuza.