Mwaka wa Sabini na Nane wa Dada Liao

Dada Liao Hsiu-man alibandika lebo kwenye kila kitu: bakuli lake la chakula, mwavuli, hata kiti changu. Ofisi yetu ya hesabu za mafuriko, kule Yilan, ilimcheka miaka kumi na tisa, na mimi nilicheka kuliko wote.

Katika programu zake namba haikupita bila kutaja ni namba ya nini. Mita ni mita. Mwaka wa Jamhuri, tunaouhesabu nchini kwetu 1912 ukiwa wa kwanza, si mwaka wa kalenda ya kimataifa. Ukiichanganya, mashine inagoma kabla ya kupiga hesabu hata moja.

Kiangazi kimoja iligoma mikononi mwangu. Nilikuwa natafuta maji yangefika wapi kijijini Shuiwei, alikoishi mama yangu peke yake. Nakala ya programu niliyoiondolea ukaguzi wa lebo ilisema nyumba yake iko salama. Ya Dada Liao ilikataa katakata kuhesabu.

"Dada Liao, programu yako ina kiburi!" nilifoka. Juu ya mashine nilishaweka pakiti mpya ya kijani ya bisi ili itulie, ushirikina wetu sote tunaofanya kazi na mashine: kijani ni rangi ya taa ya mashine isiyo na hitilafu.

"Ku, hizo bisi zinajua kusoma miaka?" akasema, akiniita kwa jina langu la ukoo. "Daftari la mvua linasema sabini na nane. Ipi?"

"Elfu moja mia tisa sabini na nane, ipi tena!"

"Liliandikwa kwa mkono na mzee wa kituo cha kupimia mvua. Mzee gani wa hapa anaandika mwaka wa kigeni? Ni wa Jamhuri, wewe! Ni 1989."

Nikanywea. Mvua kubwa ya 1989 nilikuwa nimeiunganisha na kina cha mto cha 1978, mwaka wa ukame, ndiyo maana mto ulionekana unameza mvua yoyote. Niliposahihisha, maji yalipanda hadi juu ya madirisha ya mama.

Mama alinuna, lakini akahamia kwangu na mitungi yake ya figili za chumvi. Septemba mto ukabeba jiko lake lote. Kesho yake mama akauliza, "Yule mwanamke anayekusumbua kazini, anakula figili?"

Tangu hapo kila mwaka alimjazia Dada Liao mtungi mmoja. Wote wawili wamefariki sasa. Mtungi wa mwisho uko mezani kwangu, mtupu. Zamani juu ya mitungi mama aliandika namba ya mwaka peke yake. Huu ameuandika: Figili. Mwaka 103 wa Jamhuri.