Kipanya Kilichoitwa Kurudi Gereji

Mwezi wa sita huku juu Newala kila mtu ananuka petroli. Ndio msimu wa kupulizia mikorosho, na bomba la salfa halinywi maji, linakunywa petroli. Kwa hiyo kila anayepanda gari ana kidumu chake: huyu kakifunga kwenye khanga, yule kakificha chini ya mihogo, mwingine kakipakata kama mtoto mchanga. Mimi na mume wangu tulikuwa na kipanya, gari la mizigo lililogeuzwa kuwa la abiria na gereji moja ya Dar es Salaam. Walikata madirisha, wakafunga viti, wakahamisha tangi la mafuta ili benchi la nyuma likae vizuri. Yeye aliendesha, mimi nilikaa mlangoni. Harufu ya petroli mle ndani ilikuwa ugomvi wangu na dunia nzima.

"Nani ana kidumu?" Nilianza hivyo tangu stendi. Wote wanatazama madirishani. "Haya, nitanusa mmoja mmoja!" Na nilinusa, wallahi. Kuna mzee wa watu, kichwa cheupe kwa mvi, nilimshusha njiani na kidumu chake, tena kwa maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenichapa na utu uzima wangu huu. Kilichonikera zaidi, hata vidumu vyote vikishuka, harufu haishuki. Nikajua wamenimwagia. Jioni nasugua sakafu kwa maji ya kununua, na maji Newala si ya kuchezea. Mume wangu ananitazama tu. Yeye ni mtu wa maneno machache; mengine yote nimemmalizia mimi.

Kabla ya hapo, ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake. Ulisema magari yote yaliyogeuzwa na ile gereji yana hitilafu, mafuta yanavuja, tusilitumie gari, tupige namba fulani. Aliniletea nimsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani nchi hii hajatumiwa ujumbe na matapeli? Leo umeshinda bahati nasibu, kesho ile hela itume kwa namba hii, keshokutwa mwanao kalazwa.

"Na wewe ungepiga?" nikamwuliza. "Mtu mzima na ndevu zako!"

Akasema labda tungeuliza tu, kuuliza si ujinga. Nikamnyang'anya simu, nikawajibu hao watu maneno ya kuwatosha, nikaifungia namba yao isituingilie tena.

Basi, Jumamosi moja mume wangu aliondoka mapema kupeleka wapiga ngoma Mnyambe, kwenye sherehe ya vijana waliokuwa wanatoka jando. Kurudi ilikuwa abebe vijana wenyewe, awapeleke kwao kwa shangwe. Mimi nikashuka Masasi kutafuta tairi. Nyuma ya duka la vipuri nikakuta kipanya pacha wa chetu kimeinuliwa juu ya magogo, na fundi mgeni kalala chini yake. Nikauliza kina nini. Fundi akajitokeza, akafuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kinaumwa nini hiki?"

Akanionyesha kipande cha mpira kilichovimba na kupasukapasuka. "Huu ni mpira wa maji, mama. Gereji yetu ilikosea, ikaufunga kwenye tangi badala ya mpira wa mafuta. Petroli inaula taratibu. Sasa tunazunguka kuyatafuta magari yote."

Nikamwambia na mimi ninacho kama hicho, akaniuliza namba ya gari. Nikamtajia. Akapekua simu yake, akaniangalia. "Kumbe wewe ndiye uliyetuandikia tukawaibie wafu?"

Ala! Mdomo huponza kichwa, lakini sikupata hata nafasi ya kuona aibu, maana aliniuliza gari liko wapi, nikasikia kinywa changu kinajibu, "Liko Mnyambe. Limebeba ngoma."

Yeye mtu wa Dar hakuelewa kwa nini ngoma zinitishe. Sisi tunajua. Ngoma zetu hazipigwi zikiwa baridi. Wapigaji wakishuka tu garini hukusanya majani makavu, huwasha moto na kuziotesha ngoma mpaka ngozi ikaze na sauti iitike. Wala hawaendi mbali. Huwasha hapohapo walipozishushia, ubavuni mwa gari, na dereva akiwa kwenye usukani anasinzia.

Nikapiga simu ya mume wangu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Basi dogo la Newala lilikuwa na abiria wanne na konda wake anakula muwa. Nikamvaa dereva wa bodaboda.

"Mpaka Mnyambe? Mama, kule mbali!"

"Nimekuuliza umbali?"

Safari ile sitaki kuirudia hata ndotoni. Kwenye kona za kupandia mlima nilikuwa nasoma dua, katikati ya dua namfokea dereva anavyokwenda kama konokono, naomba radhi kwa Mungu, naanza upya. Macho yangu yalitafuta moshi. Na mwezi wa sita moshi haukosekani, watu wanachoma majani mashambani kila upande. Kila moshi nikauona ni wa mume wangu. Nikajaribu kukumbuka neno nililomwachia asubuhi. Nilimwambia abadilishe shati, kwa kuwa lile linamfanya aonekane kuli. Miaka yote ya ndoa, na hilo ndilo lingekuwa neno langu la mwisho kwake. Nikalia juu ya pikipiki, bila kujificha, na tukapita Newala mjini watu wakinishangaa.

Mnyambe niliisikia kabla ya kuiona. Ngoma zilikuwa zinalia, tena zinalia vizuri, zimekaza. Maana yake moto ulishawashwa.

Nikaruka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka, nikainuka na goti linavuja damu. Uwanja umejaa watu. Majivu ya majani yalikuwa pale, bado mekundu katikati, lakini gari halikuwepo. Nikamshika mpigaji mmoja mzee begani, sikumpa hata shikamoo. "Gari liko wapi?" Mikono yake ilikuwa na kazi, akanionyesha kwa kidevu.

Lilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba la mihogo, peke yake. Mume wangu amekaa mbele yake juu ya jiwe, na ndoo ya mchanga miguuni, kama mlinzi. Nilimfikia nikampiga kifuani, halafu nikamkumbatia, halafu nikampiga tena.

"Ule ujumbe ni wa kweli!" nikasema. "Gari linavuja!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Linavuja siku nyingi. Kila alfajiri kabla hujaamka nalala chini yake naziba kwa sabuni ya kipande. Leo sabuni imegoma. Nimewaambia wazee moshi unanipa kifua, nikalisogeza huku. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini kuhusu kuwarudisha vijana."

Hasira ikanipanda, ile yangu ninayoijua. "Ulijua, na ukaniacha niwadhalilishe watu na vidumu vyao? Ukawa unapakia abiria? Mimi mkeo hukuona wa kuniambia?"

Akachota mchanga kwa kiganja, akaumwaga chini ya tangi palipolowa, akausawazisha.

"Petroli niliizoea," akasema. "Niliyekuwa namwogopa ni wewe, mama watoto."

Jamani. Mimi huyu, mwenye jibu stendi, sokoni na hata msibani, nikajifunga khanga upya kiunoni. Nikamwambia akae na gari. Nikavuka shamba la mihogo, nikaenda mwenyewe mbele ya wazazi wa wale vijana kuwaeleza kwamba gari ni bovu, kwamba tulipewa taarifa, na kwamba aliyeikataa ni mimi. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ndogo sana, ikabidi nirudie mara mbili.