Kasuku na Nusu ya Kichwa Changu

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Kasuku. Alikuwa akianza kusema ukikaa tu kitini, na ukishalipa bado anakufuata mlangoni na nusu ya habari. Mimi aliniita Boga, kwa umbo la kichwa changu, na mke wangu, ambaye ni dada yake, alicheka kana kwamba kichwa chenyewe si cha mumewe.

Kisha Kasuku akanyamaza. Hakugombana na mtu, hakufiwa. Alifunga saluni yake, iliyo chumba cha mbele cha nyumba yake, akajilaza chumba cha nyuma akitazama ukuta. Wateja walibisha hodi hadi wakachoka. Majirani wakasema ni uvivu. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kwa kuwa hata kutoka nje kulimshinda, akamwandikisha kwenye matibabu ya mtandaoni: masomo mafupi ya kusoma kwenye simu, kazi ndogo ndogo za kufanya, na kila wiki mazungumzo ya video na mshauri, mama mmoja mwenye miwani.

"Simu itatibu nini?" aligoma. "Niacheni, nitajitoa mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu," dada yake akamkata. "Shika simu."

Mimi nami nikafanya ujinga wangu: niliapa sinyolewi na mwingine mpaka arudi kazini. Nywele zikaota, ndevu zikafuata. Nafundisha shule ya msingi, na mwalimu mkuu aliniita pembeni kuniuliza kama nina msiba. Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Niliogopa kwamba tumempoteza Kasuku angali hai, na kwamba yule aliyelala kule nyuma ndiye tutakayebaki naye.

Mshauri alituonya tusingoje miujiza, tuangalie vitu vidogo. Basi, matibabu hayajafika mbali, mke wangu akampelekea chai. Akaonja, akakunja uso.

"Dada, hii ni chai au maji ya kunawia?"

Mke wangu alinijia mbio, machozi ya furaha yakimtoka. Ametukaniwa chai yake! Zamani angemmwagia.

Jumamosi iliyofuata nilikuta dirisha la saluni liko wazi. Kazi aliyopewa wiki ile ilikuwa kufanya kitu kimoja alichokipenda zamani, kidogo tu, kisha apumzike. Alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo, akaniona humo humo, akaguna.

"Boga, hicho ni kichwa au shamba?"

Nilikaa kitini kabla hajabadili mawazo. Akaiwasha mashine, nayo ikashika njia yake. Alikuwa amefika katikati ya utosi simu ilipolia. Ni mshauri. Upande wangu wa kulia ulikuwa safi, wa kushoto bado pori.

"Wiki imekwendaje?" mama akauliza.

Kasuku akaigeuza simu inielekee mimi na shuka langu shingoni. Kisha mama wa watu akavua miwani, akacheka hadi akashika mbavu. Kasuku naye akacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi, na mimi, mwalimu mzima, nikajifuta macho kwa pembe ya shuka nikisingizia nywele.

Kasuku hakumficha mshauri kitu. Alimwambia kwamba kuna asubuhi bado nzito, na kwamba Jumanne hakuinuka kitandani kabisa. Mama akamwambia asijilaumu, siku kama hizo zitakuwepo, waende polepole. Akauliza kama wiki ijayo saa ile ile inamfaa.

"Hapana, mama, tusogeze jioni," Kasuku akajibu, huku akiiwasha tena mashine. "Saa hizi nina wateja."

Wateja wenyewe nilikuwa mimi peke yangu, tena nusu.